Kihisi cha glukosi na ESP32 kwa mchachuko wa tonto: mkondo hautulii, na data nyingine inafika na tarehe ya 1970

mbidde_mita (Mbarara)

Wakuu, salaam. Kifaa ni cha kufuatilia glukosi kwenye juisi ya mbidde (ndizi za pombe) inapogeuka tonto (pombe ya ndizi na mtama), ili mwenye pipa aone mwenendo wa sukari kwenye simu yake. Kihisi hakiingii ndani ya pipa. Sampuli inachotwa, inachujwa, kisha µl 100 zinaongezwa kwenye kikombe chenye ml 9.9 za bafa (maji ya chumvi yenye pH isiyoyumba) ambamo elektrodi imezama na kikorogeo kidogo cha sumaku kinazunguka. Mtu anabonyeza kitufe, kifaa kinasoma mkondo, kinatuma. Joto la pipa linatumwa lenyewe kila dakika 15.

Vilivyomo:

- Elektrodi ya kuchapishwa ya kaboni yenye Bluu ya Prussia, duara la kazi mm 4, rejea ya fedha/kloridi ya fedha. Juu yake glukosi oksidesi (kimeng'enya kinachooksidisha glukosi na kutoa haidrojeni peroksaidi, ambayo Bluu ya Prussia inaigeuza kuwa mkondo) iliyogandishwa kwa albumini na glutaraldehaidi.
- LMP91000 kama potenshiostati (inashikilia volti ya elektrodi na kukuza mkondo wake): ukuzaji 350 kΩ, sifuri ya ndani 50%, rejea ya volti ni VDD (umeme unaolisha chipu) ya 3.3 V, baiasi (volti ya elektrodi ya kazi dhidi ya rejea) −2%.
- ADS1115 (ADC, chipu ya kugeuza volti kuwa namba) ipo ubaoni lakini haijibu, kwa hiyo OUT ya LMP91000 imeingia moja kwa moja pini GPIO27 ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kifaa).
- SIM800L (moduli ya simu ya 2G) pale ambapo hakuna Wi-Fi. Betri moja ya 18650, kidhibiti volti AMS1117-3.3, paneli ndogo ya jua.
- DS18B20 kwa joto. Data inakwenda kwenye seva kwa MQTT (itifaki ya ujumbe mfupi) yenye TLS (usimbaji).
- Bafa ni PBS ya kawaida ya sodiamu, pH 7.4.

Shida ni hizi. Nikitafuta vifaa kwenye I2C (waya mbili ambazo chipu zinashirikiana) inaonekana anwani moja tu, 0x48. Kila ESP32 inapoamka (LMP91000 inazimwa pamoja nayo) mkondo unaanza juu na kushuka kwa dakika nyingi. Kwenye vipimo sanifu, juu ya 2 mM (milimoli kwa lita) hivi namba hazipandi tena kabisa. Elektrodi ileile inapoteza nguvu haraka, hata kabla ya kuguswa na juisi. Na umeme wa ruta ukikatika, ujumbe wa muda huo unapotea, mwingine unafika ukisema ni mwaka 1970.

Nianzie wapi?

---

saketi_wandegeya

Anza na umeme, kemia iache kwanza. Toa elektrodi kabisa. Unganisha pini ya CE (elektrodi saidizi) na ya RE (rejea) pamoja, halafu weka rezista ya 10 kΩ kati yake na WE (elektrodi ya kazi). Hiyo ndiyo elektrodi ya bandia: haina kimeng'enya, haina bafa, haiozi. Ikiwa baiasi ni 50 mV, lazima upate 5 µA. Ukikosa, hakuna kitu cha kurekebisha kwenye kikombe.

Sasa moja baada ya nyingine.

Anwani. LMP91000 ina anwani moja tu, 0x48, na haibadiliki. ADS1115 nayo huja ikiwa 0x48 pini yake ya ADDR ikiwa kwenye GND. Zote mbili zinajibu kwa pamoja, ndiyo maana unaona moja. Hamisha ADDR ya ADS1115 iende VDD, itakuwa 0x49. Kumbuka pia LMP91000 husikia I2C pale tu pini ya MENB ikiwa chini.

GPIO27. Hiyo iko kwenye ADC2, na ADC2 haisomeki Wi-Fi ikiwa hewani. Hata ungehamia ADC1, ADC ya ndani ya ESP32 imepinda kwenye ncha zake na ina kelele nyingi. Kwa mikondo ya nanoampea usiisumbukie, tumia ADS1115.

Kugota juu ya 2 mM. Piga hesabu: sifuri yako iko 1.65 V. Kwa 350 kΩ, OUT inagonga ukuta mkondo ukifika 1.65 ÷ 350,000, yaani 4.7 µA. Kama elektrodi yako inatoa zaidi kidogo ya 2 µA kwa kila 1 mM, umeshafika ukutani kwenye 2 mM. Dalili ya ukuta ni kwamba namba haina hata kelele, imenyooka kama imepigwa rula. Shuka hadi 35 kΩ.

Rejea ya volti. VDD kama rejea ni kosa kubwa hapa, kwa sababu Wi-Fi au SIM800L ikituma, VDD inatikisika, na baiasi ya elektrodi inatikisika nayo. Elektrodi ikisukumwa hata milivolti chache inajibu kwa mkondo wa kuchaji ambao hauhusiani na sukari. Weka chipu ya rejea ya 2.5 V kwenye VREF, kwa mfano REF3025, na kapasita ya 1 µF karibu yake. Kwa 2.5 V, asilimia 2 ni 50 mV kamili.

Rejesta, kwa mpangilio huu:

1. MENB chini, soma 0x00 hadi ijibu 0x01.
2. 0x01 andika 0x00 (kufungua kufuli. Usipofungua, rejesta mbili zinazofuata hazikubali kitu na hakuna kosa linaloonekana).
3. 0x10 andika 0x14: 35 kΩ, mzigo 10 Ω.
4. 0x11 andika 0xA2: rejea ya nje, sifuri 50%, baiasi hasi, 2%.
5. 0x12 andika 0x03: hali ya elektrodi tatu.
6. 0x01 andika 0x01, kisha soma rejesta zote upya uhakikishe zimeshika.

Kwenye rezista ya 10 kΩ sasa OUT iwe mbali na 1.25 V kwa 0.175 V. Ukipata kati ya 0.16 na 0.19 endelea mbele. ADS1115 iweke kwenye ±2.048 V, kila hatua ni 62.5 µV, yaani kama 1.8 nA kwa ukuzaji huu. Inatosha sana.

Usisome mara moja na kuondoka. Umeme wetu ni wa 50 Hz na waya za elektrodi zinauokota. Weka ADS1115 kwenye vipimo 250 kwa sekunde, kusanya kwa sekunde 1 nzima kwa saa ya ESP32, toa wastani. Hapo unakuwa umechukua mizunguko 50 kamili na mingi ya kelele hiyo inajifuta. Kisha funika elektrodi na ubao wa LMP91000 kwa kopo la bati la biskuti lililounganishwa na GND ya saketi. Mzaha, lakini linafanya kazi kuliko vichujio vya programu.

Na SIM800L: isiwake kamwe wakati wa kusoma. 2G hutuma kwa mapigo 217 kila sekunde, na kila pigo linaingia kwenye kikuzaji chako. Soma, hifadhi, ndipo uiwashe. Mapigo hayo hufika 2 A, kwa hiyo ilishwe moja kwa moja na betri kupitia waya mfupi mnene, na kapasita ya 1000 µF au zaidi miguuni pake.

AMS1117 itoe. Inahitaji karibu volti moja zaidi ya inachotoa, na 18650 iko 3.7 V muda mwingi. Yaani haikupi 3.3 V ya uhakika hata betri ikiwa imejaa. HT7833 inafaa.

Mwisho, safisha ubao kwa isopropanoli na mswaki kuzunguka WE na RE baada ya kulehemu. Mabaki ya flaksi pamoja na unyevu wa chumba cha kuchachushia hupitisha nanoampea kadhaa, na utadhani ni sukari.

---

bafa_na_kloridi

Saketi ameshamaliza upande wake. Mimi naingia kwenye kikombe.

Hiyo PBS ya sodiamu ndiyo inayoua elektrodi yako. Bluu ya Prussia inapopokea na kuachia elektroni, ayoni inaingia na kutoka kwenye fuwele yake. Potasiamu inaingia vizuri, sodiamu inaiziba. Pili, Bluu ya Prussia haipendi alkali, na pH 7.4 iko ukingoni, hasa kwa kuwa kupunguza haidrojeni peroksaidi kunazalisha haidroksidi palepale kwenye uso wa elektrodi. Tengeneza bafa ya fosfeti ya potasiamu 0.1 M, pH 6.5, yenye KCl 0.1 M. Hiyo KCl ina kazi mbili: kuongeza potasiamu, na kutuliza rejea. Rejea yako ya fedha/kloridi ya fedha haina chumba chake, imegusa bafa moja kwa moja, kwa hiyo volti yake inafuata kloridi iliyo kikombeni: kloridi ikibadilika mara kumi, rejea inahama karibu 59 mV. Ukiwa na baiasi ya 50 mV tu, hebu fikiria.

Baiasi ya −50 mV ni nzuri, usiguse. Mtu atakushauri platini kwenye +0.6 V kwa sababu ndivyo vitabu vingi vinavyoonyesha. Kwenye tonto usikubali. Mtama uliokaangwa unaleta tanini, ndizi zina polifenoli na vitamini C, na vyote hivyo vinaungua kwenye +0.6 V na kuhesabiwa kama glukosi.

Kugandisha kimeng'enya: glukosi oksidesi 10 mg/ml pamoja na albumini ya ng'ombe 50 mg/ml kwenye bafa ya fosfeti 0.05 M. Chukua sehemu tisa za mchanganyiko huo, ongeza sehemu moja ya glutaraldehaidi 2.5%, changanya haraka, dondosha µl 3 juu ya duara la kazi tu. Acha usiku kucha kwenye friji, ndani ya kisanduku kilichofunikwa. Asubuhi suuza kwa bafa. Glutaraldehaidi ikizidi inafunga kimeng'enya hadi kinakufa. Ikipungua, utando unaondoka na kikorogeo na utaona nguvu ikishuka kila kipimo. Tone likiwa nene, majibu yanakuwa ya polepole. Njia za fedha zinazoingia majini zipake rangi ya kucha kabla ya yote, bafa isipande hadi kwenye soketi.

Sasa kipimo sanifu, ambapo wengi wanaharibikiwa bila kujua. Glukosi oksidesi inashika umbo moja tu la glukosi, la beta. Unga mkavu wa glukosi kwa kawaida ni umbo la alfa. Ukiuyeyusha na kupima papo hapo, utasoma kidogo, na baada ya saa kadhaa chupa ileile inasoma zaidi. Yeyusha leo, iache ikae usiku kucha ifikie usawa wake (beta ni kama 64%), pima kesho. Juisi yenyewe haina tatizo hilo, ilishatulia zamani.

Gramu 1.80 kwenye ml 100 ni 100 mM, iwapo ni glukosi isiyo na maji. Ikiwa lebo inasema monohaidreti, uzito wa moli ni 198 badala ya 180, kwa hiyo pima gramu 1.98. Unga wa glukosi wa dukani wa kunywa wana michezo usiutumie, mara nyingi una vitu vingine ndani.

Kukalibu: kikombe na ml 9.9 za bafa, subiri mstari utulie, ongeza µl 100 za 100 mM. Hiyo ni 1.00 mM. Ongeza tena µl 100: si 2.00, ni 1.98, kwa sababu ujazo sasa ni ml 10.1. Ya tatu 2.94, ya nne 3.88. Programu ijue hivyo.

Kuhusu mkondo unaoanza juu na kushuka: ni kawaida ya elektrodi yoyote inapopewa volti. Inachaji kwanza, halafu vilivyo karibu na uso vinaisha. Tatizo lako ni kwamba unaizima kila mara. LMP91000 yenyewe inakula chini ya 10 µA, iache imewashwa muda wote elektrodi ikiwa ndani ya bafa, ulaze ESP32 peke yake. Na usitumie kipima muda kuamua kama iko tayari. Angalia mteremko: ukishuka chini ya 5 nA kwa dakika, washa taa ya kijani, ndipo mtu aongeze sampuli. Chumba kikiwa cha baridi utasubiri zaidi, kikiwa cha joto utasubiri kidogo, programu haihitaji kujua sababu.

---

mbidde_mita

Nashukuru sana. Rezista ya 10 kΩ imetoa 0.171 V. Bafa ya potasiamu imetengenezwa, elektrodi sasa haifi ovyo. Kwa 35 kΩ ule ukuta wa 4.7 µA umeondoka, lakini bado: 1.00 na 1.98 ziko kwenye mstari, 2.94 inaanza kuinama, 3.88 haiko mbali nayo. Safari hii kelele ipo, na OUT iko mbali na ncha zote mbili. Juisi mpya iliyozimuliwa mara 100 inaangukia hapohapo kwenye kona.

---

kigezi_juu

Hiyo sasa ni oksijeni, na uko mahali pabaya kidogo kwa hilo.

Kila molekuli ya glukosi inayooksidishwa na kimeng'enya inatumia molekuli moja ya oksijeni na kutoa peroksaidi moja. Maji yaliyojaa hewa kwenye 25 °C usawa wa bahari yana kama 8.3 mg/L ya oksijeni. Mbarara uko juu ya mita 1,400, unabaki na karibu 7 mg/L, yaani kama 0.22 mM. Unataka kupima 3 mM ya glukosi kwa oksijeni ya 0.22 mM. Inawezekana kwa sababu utando unachelewesha glukosi na kikorogeo kinaleta oksijeni mpya, ila kuna mahali oksijeni inashindwa, na hapo mstari unainama. Kwenye platini hali huwa nafuu kidogo, kwa kuwa peroksaidi ikioksidishwa inarudisha oksijeni. Bluu ya Prussia inaipunguza, hairudishi kitu.

Tiba rahisi kuliko zote ni kuzimua zaidi. Badala ya µl 100 weka µl 50 kwenye ml 9.95, ni mara 200. Juisi yenye glukosi 54 g/L ni 300 mM. Ukizimua mara 200 inakuwa 1.5 mM, katikati kabisa ya sehemu iliyonyooka. Bei yake ni kwamba kosa la pipeti linakua: µl 1 ya kosa kwenye µl 50 ni asilimia 2 ya jibu. Futa ncha ya pipeti nje kabla ya kudondosha, juisi ya ndizi hung'ang'ania.

Tiba ya pili ni kufunika kimeng'enya na utando wa ziada, µl 2 za Nafion 0.5% au poliurethani, unaozuia glukosi zaidi kuliko oksijeni. Mstari unarefuka, lakini mkondo wote unapungua na majibu yanachelewa. Kwa kazi yako mimi nisingehangaika nao.

Vyovyote utakavyofanya: tikisa chupa ya bafa pamoja na hewa kabla ya kumimina, hasa iliyotoka kuchemshwa au iliyokaa imefungwa. Kalibu mahali patakapotumika. Kalibresheni ya kando ya ziwa pale Entebbe haitakwenda sawa na Kabale, kwa oksijeni na kwa joto pia, maana kimeng'enya kinaongeza kasi kwa asilimia kadhaa kwa kila digrii moja. DS18B20 moja iwe kikombeni, si kwenye pipa pekee. Rezista yake ya 4.7 kΩ usiisahau.

Kingine: mapovu. Sampuli ya tonto imejaa kaboni dioksaidi. Povu moja likitua kwenye duara la mm 4, mkondo unaruka chini ghafla na kurudi likiondoka. Tikisa sampuli kwenye chupa wazi kwanza. Ichuje kwa kitambaa halafu kichujio cha 0.45 µm, kwa sababu hamira iliyobaki inaendelea kula glukosi njiani. Kama kipimo kitachelewa, iweke kwenye barafu.

---

saketi_wandegeya

Nyongeza kwa kikorogeo: mota yake isidhibitiwe kwa mapigo ya PWM kutoka ESP32. Ipe volti moja isiyobadilika kutoka chanzo chake, kasi ileile kila siku. Mkondo unafuata kasi ya kukoroga.

---

pakiti_mbili

Upande wa mtandao. Mwaka 1970 na ujumbe kupotea ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Ruta ikiwa imezimika, ESP32 ikiwashwa upya haina pa kupata saa, inaanza kuhesabu kutoka 1 Januari 1970. Kwa saa hiyo cheti cha TLS cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika, muunganisho unakataliwa, ujumbe haukuhifadhiwa popote, umekwenda. Pale palipofanikiwa kuunganika baadaye, ujumbe umebeba saa ya zamani.

Weka DS3231 (chipu ya saa) yenye betri yake ya kidonge. ESP32 ikiamka isome saa hapo kwanza, kabla ya Wi-Fi, kabla ya kila kitu. Intaneti ikipatikana irekebishe kwa NTP (saa ya mtandaoni) mara moja kwa siku. Hifadhi kila kitu kwa UTC, ongeza saa 3 kwenye skrini ya simu tu. Anwani ya DS3231 kwenye I2C ni 0x68 kwa hiyo haigombani na LMP91000 wala ADS1115.

Kisha kanuni moja: kipimo kinaandikwa kwenye flashi kwanza, ndipo kinatumwa, na hakifutwi hadi seva ikiri kukipokea. LittleFS (mfumo wa faili wa flashi) inatosha. MQTT iwe QoS 1. QoS 1 inahakikisha ujumbe unafika angalau mara moja, maana yake unaweza kufika mara mbili, kwa hiyo kila kipimo kiwe na nambari yake inayopanda na seva ikatae nambari inayojirudia. Nambari hiyo iandikwe kwenye flashi pia, isianze upya kila kifaa kikizimika.

Ujumbe wenyewe uwe hivi:

{"kifaa":"P3","na":1842,"utc":1760000000,"nA":-3410,"tupu":-140,"C":23.4,"el":"B07","zimua":200}

Angalia kwamba hakuna mM humo. Tuma mkondo ghafi, mkondo wa bafa tupu, joto, na jina la elektrodi. Hesabu ya mM ifanyike kwenye seva. Ukigundua wiki ijayo kwamba kipimo sanifu kilipimwa kabla hakijatulia, unarekebisha mteremko (nA kwa kila mM) wa elektrodi B07 na historia yote inajinyoosha. Ukituma mM pekee, umezika kosa.

Joto la kila dakika 15 usilitume moja moja kwa 2G. Ujumbe wenyewe haufiki baiti 150, lakini kufungua TLS peke yake hula kilobaiti kadhaa kila mara. Kusanya ya saa 2, tuma nane kwa pamoja. Glukosi ndiyo itumwe papo hapo, mtu amesimama anasubiri.

---

simu_kwanza

Ndugu pakiti, hapo kwenye mM nakupinga nusu. Mwenye pipa kule kijijini hana seva mbele yake. Kama mtandao haupo, kitufe kinabonyezwa, dakika mbili zinapita, halafu skrini haisemi kitu? Weka mteremko wa elektrodi kwenye kifaa, onyesha makadirio palepale, ila kinachotumwa na kuhifadhiwa kibaki ghafi.

Na kwa mapipa yaliyotawanyika, laini ya SIM kwa kila kifaa ni mzigo. BLE (Bluetooth ya nguvu kidogo) inatosha: kifaa kinahifadhi, simu ya anayezunguka kukusanya inachukua na kupeleka. Mtego ni mmoja. BLE bila makubaliano ya ziada hupitisha baiti 20 tu za data kwa mara moja, na JSON ya hapo juu inakatwa katikati bila kelele yoyote. Ama omba MTU (ukubwa wa pakiti) kubwa, 247 kwa mfano, na usitume kabla simu haijakubali, ama funga kipimo kwenye baiti 16: nambari 4, saa 4, mkondo 4, joto 2, elektrodi 1, uzimuaji 1. Mkondo tupu utume peke yake, kipimo kikianza. Kwenye simu zenye Android 6 hadi 11, programu yako haitaona kifaa chochote bila ruhusa ya mahali, na mahali pawe pamewashwa. Watu watakupigia simu kwamba kifaa kimekufa, kumbe ni hiyo.

---

pakiti_mbili

Nimekubali, makadirio kwenye skrini sawa. Yaandikwe "makadirio" lakini.

---

mgeni_wa_mulago

Samahani kuingilia. Kifaa hikihiki, nikibadilisha uzimuaji, kinaweza kusoma damu?

---

bafa_na_kloridi

Kitatoa namba, na usimpe mgonjwa namba hiyo. Damu ina hematokriti (kiasi cha chembe nyekundu) inayotofautiana, ina oksijeni inayobadilika, na kosa lake linaishia kwenye dozi ya insulini. Vijiti vya glukosi vya dukani vimetengenezwa kushughulikia hayo. Kama ni utafiti, unahitaji kamati ya maadili na UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda) kabla ya tone la kwanza, na matokeo ya mtu yakishaingia kwenye seva unaingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Anzisha mada yake, tusimpoteze mwenye tonto.

---

mbidde_mita

Kwa mara 200 mstari umenyooka. Swali la mwisho basi: programu itume arifa "mchachuko umekwisha" glukosi ikifika ngapi?

---

kigezi_juu

Isitume arifa hiyo kwa glukosi, ssebo. Juisi ya mbidde ina glukosi, fruktosi na sukrosi. Hamira hula glukosi haraka kuliko fruktosi, na glukosi oksidesi haioni fruktosi wala sukrosi. Kwa hiyo kihisi chako kitafika karibu na sifuri wakati bado kuna sukari inayochachuka na gesi inayotoka. Mtu akifunga chupa kwa arifa yako, chupa itapasuka.

Glukosi inakufaa kwa mwanzo na katikati. Inaonyesha kama hamira imeamka, kasi yake, na kama pipa limekwama glukosi ikiwa bado ipo. Arifa nzuri ni ya kukwama: vipimo viwili vilivyoachana saa 6 vikitofautiana chini ya kosa lako la kipimo, huku joto la pipa likiwa la kawaida. Kwa mwisho tumia hidromita, ukikumbuka kwamba alkoholi inaifanya isome sukari chini kuliko ilivyo, kwa hiyo tazama kama usomaji umesimama, usitazame namba yenyewe. Weka kisanduku kwenye programu mtu aingize usomaji huo kwa mkono. Arifa ya "umekwisha" ifunguke tu kama hidromita imesoma sawa siku mbili mfululizo na glukosi iko chini ya unachoweza kutofautisha na bafa tupu.

Na hicho "chini ya" usikikisie. Pima bafa tupu mara 10, pata mtawanyiko wake, zidisha mara tatu, gawa kwa mteremko, kisha zidisha kwa 200.